Kuwa na VIH si kuwa na SIDA
Katika vikundi vya WhatsApp hapa Goma ujumbe ule ule hurudi: aliyekutwa na VIH tayari ana SIDA, siku zake zimehesabika. Si kweli. VIH ni virusi. SIDA ni hatua ambapo virusi hivyo vimeshusha kinga sana, kwa mtu mzima CD4 (seli za kinga) chini ya 200 kwa kila mikrolita ya damu, au magonjwa nyemelezi makali yameingia. Anayeanza dawa mapema na kuzimeza kila siku anaweza asifike huko maisha yake yote. Kabla ya dawa mseto za mwaka 1996 wengi walifika, ndiyo maana tunachanganya. Muulize muuguzi wa kituo cha afya akueleze vipimo. Na ujumbe huo, tafadhali, usiusambaze: unawatisha watu wasiende kupima.