Mlonge unalinda ini? Maswali na majibu

Nimesikia imethibitishwa kwamba majani ya mlonge yanalinda ini. Ni kweli?

Kwa panya, ndiyo. Yapo majaribio yaliyochapishwa ambamo panya waliopewa dondoo la mlonge hawakuumia ini kama wenzao baada ya kumezeshwa parasetamoli nyingi. Dondoo maana yake majani yaliyosagwa, yakalowekwa kwenye spiriti, yakachujwa na kukaushwa. Si mboga ya jikoni kwako.

Majaribio hayo hufanywaje?

Panya hugawanywa makundi. Moja halipewi sumu, jingine hupewa sumu tupu, mengine hutangulizwa dondoo, mara nyingi kwa siku kadhaa, ndipo sumu ifuate. Kundi la kulinganishia hupewa silimarini, inayotokana na mbegu za mbigili wa Ulaya. Baadaye damu hupimwa ALT na AST, vimeng'enya ambavyo kwao ni ndani ya seli. Vikijaa kwenye damu, ujue seli zimepasuka. Ini nalo hukatwa vipande vyembamba, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini.

Parasetamoli yenyewe si mkosaji. Ini likiivunja, hutokea sumu kidogo iitwayo NAPQI, na glutathioni, kemikali ya kinga ambayo ini hujitengenezea, huizima papo hapo. Vidonge vikizidi, glutathioni huisha, na NAPQI huzigeukia seli.

Sasa kasoro iko wapi?

Dondoo limetangulia! Nani hunywa mlonge wiki nzima akijiandaa kuzidisha dozi kesho? Tena kuna mtego ambao wauzaji hawautaji: mmea unaweza kuzuia kile kimeng'enya kinachozalisha NAPQI. Hapo ini halikulindwa na chochote, ni sumu tu haikutengenezwa, lakini ALT itashuka vilevile na panya ataonekana amepona. Mtafiti makini humpa panya sumu kwanza, dondoo baadaye, aone kama bado linasaidia.

Mtoto akimeza vidonge vingi vya parasetamoli, nimpe juisi ya mlonge wakati natafuta usafiri?

Hapana. Mpeleke hospitali na pakiti ya vidonge mkononi, hata kama anacheza. Siku ya kwanza anaweza asionyeshe kitu. Maumivu chini ya mbavu za kulia na macho ya manjano huja baadaye. Dawa yake ni asetilisisteini, inayolipa ini malighafi ya kutengeneza glutathioni mpya. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu vidonge vimezwe.

Basi mitishamba haina lolote?

Sijasema hivyo. Silibinini, kiini cha silimarini, hutumika Ulaya kwa dripu kwa watu waliokula uyoga wenye sumu ya ini. Lakini kava na komfri, mimea pia, zimewahi kuumiza ini za watu. Ukienda kupima ini, beba na ile chupa ya mitishamba aliyokuletea shangazi. Daktari hawezi kuikisia kwa kutazama namba za ALT.