Darasa Lifuate Mwezi

Siku za mbalamwezi, mialo ya Igombe na Kayenze, fukwe za Ziwa Victoria huko Mwanza zinakotua mitumbwi ya uvuvi, hupoa. Dagaa huvutwa na taa gizani. Mwezi ukiwaka, taa ya mvuvi inapoteza kazi, mitumbwi inapandishwa nchi kavu, vijana wanashona nyavu. Ukitaka kumfundisha mvuvi wa dagaa kusoma, siku zako ndizo hizo. Ukipanga darasa la kila Jumatatu jioni mwaka mzima, kuna wiki utafundisha madawati.

Naanzia hapo kwa sababu tukizungumzia kesho ya elimu ya watu wazima, watu hukimbilia kompyuta. Kanda ya Ziwa ina somo la zamani zaidi. Mwalimu Nyerere alipotangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Mwanza tayari ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO hadi 1972. Mkulima alijifunza herufi kupitia pamba, mvuvi kupitia samaki. Nchi nzima, wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka kama asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya 10 mwaka 1986. Baadaye tulilegea, na “ngumbaru”, jina la kisomo cha watu wazima, likabaki la utani. Binafsi silipendi, limewafanya wengi walikimbie darasa.

Pamba ya leo ni simu. Mama anayenunua dagaa soko la Kirumba Mwaloni hulipa na kulipwa kwa simu. Asipoweza kusoma ujumbe, anampa kijana wa jirani simu pamoja na namba ya siri. Kwa hiyo somo la kwanza lingekuwa ujumbe wa muamala: jina la aliyetuma, kiasi, makato, salio. La pili, daftari la mgawo. Tajiri wa mtumbwi hutoa kwanza gharama za mafuta na chakula, kinachobaki ndicho kinagawanywa. Baharia anayeandika mwenyewe ndoo zilizouzwa na lita zilizotumika hasubiri kuhesabiwa na mtu. Nimeona mwanafunzi asiyeshika irabu akishika kujumlisha kwa siku mbili, maana hela ilikuwa yake.

Wanaotaka cheti nao wana njia. Ambaye hakusoma sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, akifaulu akasajiliwa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Fundi wa mashine za boti aliyejifunzia mwaloni anaweza kwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kurasimisha ujuzi wake: anapimwa kwa kazi anayoijua, anaongezewa anachopungukiwa, kisha anapewa cheti.

Mkiwa kikundi kinachotaka darasa, muoneni Afisa Elimu ya Watu Wazima wa halmashauri yenu, au anzieni kwa afisa elimu kata. Mwambieni mnataka kusoma nini. Na mpelekeeni ratiba yenu ya giza.