Boti yako haina shida ya mtandao, haijui kuitikia hodi

Jumatatu nimepigiwa simu tena. "Kaka, boti inajibu mara nne nne. Mtandao wa hapa ofisini ni mbovu sana." Nikamuuliza swali moja tu: inafanya nini kabla ya kujibu? "Inaandika kwanza kwenye jedwali la Google." Basi, ugonjwa nimeshaujua bila kumwona mgonjwa.

(Naongelea boti ya Slack, yaani programu inayojibu ujumbe yenyewe ndani ya Slack, ile app ya kuchati ya maofisini. Si ile ya kwenda Unguja. Nimeshaulizwa.)

Kuiunda si kazi. Unafungua app, unaipa ruhusa za app_mentions:read (isome inapotajwa) na chat:write (iandike), unachukua tokeni, yaani ufunguo wake wa siri, inayoanza na xoxb-, unaiweka mbali na msimbo wako, unaialika boti kwenye chaneli. Ukisahau kuialika utapata kosa la not_in_channel, kisha utashinda kutwa ukiilaumu tokeni. Hakiki saini ya kila ombi, ujue kweli limetoka Slack. Mengine yamo kwenye nyaraka, yasome.

Linaloniudhi ni hili la mtandao. Slack ikileta tukio (tuseme mtu ameitaja boti) kwenye seva yako, inasubiri sekunde 3. Haisubiri jibu la mtumiaji, inasubiri uitikie tu: HTTP 200, nimepokea. Ukizipitisha, inaona hukusikia, inaleta tena: karibu papo hapo, halafu baada ya dakika 1, halafu baada ya dakika 5. Ujumbe mmoja, mara nne. Ni mgeni mwenye adabu: anapiga hodi, kimya, anapiga tena. Wewe uko jikoni unamchemshia chai. Si useme "karibu, nakuja" halafu uendelee na birika lako? Unasubiri mpaka chai iive ndipo ufungue, na mlangoni sasa kuna wageni wanne wa sura moja, na kila mmoja unamkabidhi kikombe.

Mimi nilijifunza kwa pilau. Ofisi moja niliitengenezea boti ya oda za mchana: mtu anaiita kwa jina, anaandika "pilau kuku", boti inaongeza mstari kwenye jedwali, saa tano orodha inakwenda kwa mama lishe. Nyumbani nilipoijaribu, mstari ulichukua sekunde moja. Siku ya kwanza ofisi nzima ikaandika kwa pamoja, mstari mmoja ukawa unachukua sekunde tano. Mhasibu mmoja akaletewa sahani nne. Alikula mbili, nyingine nikalipa mimi. Nilipofungua kumbukumbu za seva nikakuta oda yake imeingia 10:31:02, 10:31:05, 10:32:05 na 10:37:05, zote zina event_id (namba ya utambulisho ya tukio) ileile. Mtandao ulikuwa mzima. Tena ulikuwa mwaminifu kuliko mimi.

Sasa kuna dawa ya kienyeji inayozunguka, na huyu wa Jumatatu alikuwa ameshaimeza: ukiona kichwa (header) cha X-Slack-Retry-Num, alama kwamba ombi ni la marudio, itikia 200 ulitupe. Kweli, marudio yanakwisha siku hiyohiyo. Lakini ombi la marudio huja pia na sababu yake, X-Slack-Retry-Reason. Ikiwa ni http_timeout (ulichelewa kuitikia), sawa, huenda la kwanza ulilipata na uko katikati ya kulishughulikia. Ikiwa ni connection_failed, la kwanza halikukufikia kabisa. Hilo unalolitupa ndilo pekee ulilonalo! Umetoka kwenye pilau nne umefika kwenye njaa, na safari hii hakuna hata mstari wa kukuonyesha kosa. Afadhali zile nne, angalau mtu analalamika.

Wengine wananiambia wamehamia Socket Mode, ambako boti yako ndiyo inayofungua muunganisho kwenda Slack. Vizuri, inakuondolea haja ya anwani ya wazi kwenye intaneti. Kuitikia bado unatakiwa uitikie.

Kwa hiyo: itikia kwanza, kazi ipeleke kwenye foleni, na event_id iwe ufunguo wa kipekee kwenye hifadhidata. Ufunguo wa kipekee, nasema, si "angalia kama ipo, haipo, andika". Nakala mbili zinaweza kuangalia kwa wakati mmoja, zote zikaambiwa haipo, zote zikaandika. Acha hifadhidata yenyewe ikatae ya pili.

Hapo vitabu hufunga mjadala. Mimi bado nina kinyongo. Ukishaitikia, Slack imenawa mikono, na seva ikizimika sekunde inayofuata, oda imepotea na hakuna atakayeirudia. Kwa boti ya chakula sijali, sijaweka hata foleni ya maana, na aliyekosa wali atanipigia kelele. Kwa maombi ya likizo naandika kwenye hifadhidata kwanza ndipo naitikia. Ndiyo, ni kulekule kufanya kazi kabla ya kuitikia ninakokupigia kelele. Kuandika hapohapo kwenye seva ni milisekunde chache, lakini siku hifadhidata ikielemewa nitarudi kwenye pilau. Sina jibu safi. Hata hizo event_id nazifuta baada ya siku moja, na ukiniuliza kwa nini siku moja na si saa moja, nilichagua tu.

Huyu mdogo wangu nilimwambia ahamishe mistari miwili ya msimbo. Jioni akaniandikia: "Kaka, imetulia, inajibu mara moja tu. Ila mtandao bado unachelewesha jibu kama sekunde tano hivi."

Ni jedwali, mdogo wangu. Ni jedwali.