Je, wajua? Kesi ya bomba la mafuta ilikwama kwenye kalenda

Gusia bomba la mafuta ghafi pale mwaloni Kirumba, Mwanza, katikati ya magunia ya dagaa, na hukawii kuambiwa: "Kampuni ilishtakiwa Arusha, ikashinda. Mahakama imesema bomba halina madhara." Sentensi mbili, makosa matatu.

Bomba lenyewe ni la kilomita 1,443, kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Mkoa wa Mwanza haliugusi. Linapita Kagera na Geita, ndani ya bonde la Ziwa Victoria, na samaki hawajui mipaka ya mikoa.

Kampuni haikushtakiwa, kwa hiyo haikushinda chochote. Mahakama iliyoko Arusha ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo husikiliza malalamiko dhidi ya nchi wanachama na taasisi za Jumuiya. Mashirika manne ya kiraia yaliyofungua kesi ya kupinga bomba Novemba 2020 yaliwashtaki Wanasheria Wakuu wa Tanzania na Uganda, pamoja na Katibu Mkuu wa Jumuiya. TotalEnergies, kampuni ya mafuta ya Ufaransa yenye asilimia 62 ya hisa za bomba, haikuwa mdaiwa.

Kuhusu madhara, hukumu ya Novemba 2023 haikufika huko. Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya inampa mlalamikaji miezi miwili tu tangu jambo litendeke, au tangu alijue. Majaji walirudi nyuma hadi makubaliano ya bomba ya Mei 2017 kati ya serikali hizo mbili, wakaona kesi imechelewa mno.

Mtu akiutoboa mtumbwi wako leo, maji yataingia kesho, keshokutwa na mwezi ujao. Wewe utasema kila tone ni kosa jipya. Mahakama hii inasema tundu lilitobolewa siku moja, na siku zinahesabiwa kuanzia hapo, hata kama maji yamefika magotini leo. Kuongeza muda haina mamlaka, sababu iwe nzuri namna gani. Ni kanuni kali ajabu kwa mambo ya mazingira, ambayo kwa kawaida huonekana polepole.

Anayetaka kuibana kampuni yenyewe ana mlango wa karibu zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4 na cha 5, inampa kila mtu Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na ya kumshtaki yeyote anayeitishia, kampuni ikiwemo. Kuthibitisha mafuta yametoka bomba gani ni kazi nyingine, ila angalau huko ushahidi unaweza kupimwa.