Bakteria za maharagwe: wacha tuseme ukweli

Wengi wetu hapa Nairobi tunalima kwa simu, unatuma pesa ya mbolea ya DAP nyumbani na unahesabu kazi imeisha. Sasa ukimtajia mtu ile pakiti ya kupaka mbegu kabla ya kupanda, anakwambia ati ni kemikali ingine ya kuharibu mchanga. Si kemikali. Ni bakteria hai, wanaitwa rizobia, wanaingia kwa mizizi ya maharagwe, soya na wenzake, mmea unawapa sukari, wao wanachukua naitrojeni ya hewa (na hewa ni kama asilimia 78 naitrojeni, iko tu hapo bure) wanaigeuza chakula cha mmea. Pakiti ya BIOFIX unayopata kwa agroveti ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, hapo Kabete.

Wengine husema wacha niweke pakiti na pia nimwage CAN, ile mbolea ya naitrojeni, nipate mara mbili. Hupati. Mmea ukikuta naitrojeni nyingi kwa mchanga hauoni haja ya kulisha bakteria, vinundu (vile vivimbe vidogo kwa mizizi bakteria wanakaa ndani) vinakuwa vichache na pesa ya pakiti imeenda. Kile hawa bakteria wanataka usaidie nacho ni fosforasi, ndio maana TSP, mbolea ya fosforasi, inaendana nao vizuri. Na kama mchanga wako una asidi kali, weka chokaa kwanza.

Kuna hii ya kusema pakiti moja inatosha kila kitu, na hii inaniuma kwa sababu mtu ametumia pesa yake. Soya ina bakteria wake na maharagwe yana wake, ukibadilisha hakuna kitu utaona, na mahindi usijisumbue kabisa. Soya ndio hufaidika sana manake ilitoka Asia na mashamba yetu mengi hayana bakteria wake wa kutosha. Kunde na ndengu mara nyingi zinajipatia wa kienyeji. Maharagwe yako katikati, hayapati naitrojeni ya hewa vile soya inapata, kwa hivyo pakiti itakusaidia lakini usingoje miujiza.

Halafu mtu anabeba pakiti kwa dashibodi hadi Makueni na jua lote lile! Bakteria wanakufa. Angalia tarehe ya mwisho ukinunua, weka mahali baridi pasipo na mwanga, changanya na mbegu kwa kivuli na maji ya sukari kidogo ndio ishike, panda siku hiyo hiyo mchanga ukiwa na unyevu, na mbegu isikae juu ya mbolea. Kama mbegu ilikuja na dawa ya ukungu uliza kwanza, zingine zinawaua.

Na tafadhali mkiona vinundu msing'oe shamba ati mizizi ina ugonjwa. Maharagwe yakianza kutoa maua chimba mmea mmoja na jembe, usivute, manake vinundu vitabaki chini. Osha polepole. Kinundu kimekaa kando ya mzizi na kinatoka kwa ukucha, kikate, ndani kikiwa chekundu au pinki bakteria wanafanya kazi, kikiwa kijani au kijivu hawafanyi. Lakini kama ni mzizi wenyewe umevimba na uvimbe hautoki, hiyo ni minyoo ya mizizi, na hapo pakiti ya bakteria haitakusaidia.