Salme hakutoroka na Mjerumani katika meli moja

Simulizi inayopendwa Unguja inasema Bibi Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alipanda meli usiku pamoja na mpenzi wake Mjerumani, Heinrich Ruete, wakaenda zao Ulaya. Simulizi tamu, lakini safari haikuwa hivyo.

Agosti 1866, Salme, akiwa mjamzito, aliondoka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, ikampeleka Aden. Ruete hakuwemo. Alibaki Unguja miezi kadhaa akikamilisha shughuli zake za biashara, jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka, labda kwa sababu linapunguza utamu wa mahaba. Salme alijifungua mtoto wa kiume huko Aden, ugenini, bila mume wala ndugu.

Ruete alipowasili ndipo mambo yakaenda mbio. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa siku hiyohiyo. Kwa hiyo hata dai kwamba alihama kwa ajili ya dini halisimami vizuri: ubatizo ulitangulia ndoa kwa saa chache tu. Barua zake kutoka Ujerumani, zilizochapishwa baada ya kufa kwake, zinaonyesha mtu aliyeingia dini mpya bila kufundishwa vya kutosha, moyo ukiwa bado kwao.

Mwaka 1870 Ruete alifariki kwa ajali ya tramu Hamburg. Salme akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Alifariki Jena mwaka 1924.