Nyumba ya Duka Nayo ni Makumbusho

Mwulize mtoto wa skuli akutajie majengo ya kale ya Unguja. Atakutajia Beit al-Ajaib, Ngome Kongwe, pengine na magofu ya Mtoni na Maruhubi. Yote hayo ni majengo ya watawala. Lakini Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, haukujengwa na masultani peke yao. Tukipita Kiponda, Mkunazini au Malindi, nyingi ya nyumba tunazopakana nazo mabega ni za watu waliotoka Kachi, Gujarat, Oman, Hadhramaut na Ngazija, wakafika kutafuta riziki, wakalowea, wakazikwa hapahapa.

Katika nyumba hizo, ninayoililia zaidi ni ile ndogo ya duka. Chini biashara, nyuma na ghorofani familia. Ikulu ina wa kuitetea. Nyumba ya duka ikianguka, kifusi huzolewa na uwanja ukageuka maegesho, nasi tukasahau kwamba pale palikuwa na mtu akipima karafuu na kuuza kanga.

Kwa sisi tunaofanya kazi ya kuhifadhi, nyumba hii ni darasa. Uso wake wa njiani una mbao za kufungulia, na zikishafunguliwa asubuhi duka lote linakuwa sehemu ya uchochoro. Ingia ndani uangalie juu. Utaona boriti za mkoko zimelala kutoka ukuta hadi ukuta, na chumba ni kirefu lakini chembamba. Wengi hudhani ni uhaba wa kiwanja. Sababu ni mti wenyewe: boriti inayobeba mzigo vizuri haizidi sana mita 3, basi fundi alipanga kuta kwa kuifuata boriti. Boriti za namna hiyo zilikatwa Rufiji na Lamu, majahazi yakazipeleka mpaka Arabuni na Ghuba, ndiyo maana nyumba kongwe za huko nazo zina vyumba vyembamba. Mtoto aliyesimama chini ya dari hiyo akazihesabu boriti amekwishaanza kujifunza historia ya Bahari ya Hindi.

Kuta nazo zina habari zao. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, unene wa nusu mita na zaidi. Chokaa ilipatikana kwa kupanga magogo, kuyarundikia mawe juu yake na kuyachoma. Mawe yaliyoiva yalimwagiwa maji yakafumuka, kisha chokaa ikaachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumiwa. Kazi hiyo haitaki pupa. Ukuta wa namna hii unapumua: mvua ya masika inaingia kidogo, na jua la kiangazi linautoa unyevu kupitia chokaa.

Hapa ndipo tunapoharibu kwa nia njema. Mwenye nyumba anaona lipu inamomonyoka, anaita fundi, fundi analeta saruji. Ukuta unang'aa, kila mtu anafurahi. Lakini saruji haipumui. Maji yaliyopanda kutoka ardhini au kushuka kutoka kwenye bati lililotoboka yanabaki ndani, na chumvi inayatafuna mawe taratibu.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja iliyopigwa saruji vizuri kabisa. Niligonga ukuta kwa vifundo vya vidole ukalia kama kibuyu kitupu. Fundi alibandua kipande cha ukubwa wa sinia. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa, nasi tuko katikati ya kiangazi, na juu ya mawe kumeota unga mweupe wa chumvi. Ncha ya boriti iliyozama ukutani niliishika kwa vidole viwili ikapukutika kama sembe. Juu ya boriti hiyo palikuwa na kitanda cha watoto.

Sitaki kumtisha mtu, ila sote tuliona tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, ilipoporomoka na watu wawili wakafariki. Jengo kubwa au dogo, maji hayachagui. Kwa hiyo anzeni juu: bati, mifereji, mabomba yanayovuja. Ukuta ungoje. Na kabla ya kugusa chochote, fikeni Mamlaka ya Mji Mkongwe mpate kibali. Iliundwa mwaka 1985 kwa kazi hiyo, na ushauri unaoupata kabla ya nyundo kupigwa ni rahisi kuliko wa baada yake.

Kwamba jengo kongwe linaweza kurudi tumekwishaona. Zahanati ya zamani ya pale Forodhani kuelekea bandarini, aliyoianzisha Tharia Topan mwaka 1887, ilikuwa imechakaa, ikafanyiwa ukarabati mkubwa miaka ya 1990, na leo watu husimama kuzitazama roshani zake. Ngome ya Chake Chake imekuwa makumbusho ya Wapemba. Sasa ningependa na nyumba moja ya duka ipate bahati hiyo. Isijazwe makabati ya vioo. Pawe na mizani juu ya kaunta, mbao zifunguliwe asubuhi, baraza libaki la wazee wa mtaa na kahawa yao, maana baraza lililozungushiwa kamba si baraza tena. Ghorofani aishi mtu, kwani nyumba yenye wakaazi hujulikana mapema inapovuja.

Na mahali pamoja, kimo cha mtoto wa darasa la tatu, lipu isipigwe. Tuache mraba mdogo ukuta uonekane ulivyo, jiwe, udongo na chokaa, wanafunzi waweke viganja vyao hapo wausikie ubaridi.